Neno la Mama Halikutosha

Ilikuwa Julai 2014, Dar es Salaam. Kaka yangu alikuwa ameshikwa na maumivu tangu alasiri. Ana selimundu, ugonjwa wa damu, sikoseli kama tunavyosema mtaani, amezaliwa nao. Mama alianza kuhisi kuna jambo alipoona viganja na nyayo za mwanawe zimevimba, hata kutambaa alikuwa bado. Tangu hapo ameujua mwili wa kaka kuliko anavyoujua wake. Anajua kwamba baridi, hata hii ndogo ya kipupwe cha Dar, inaweza kumwangusha. Anajua pia kwamba maumivu yakianzia kiunoni yakashuka mapajani, vidonge vya nyumbani havifui dafu.

Usiku jirani yetu anayefanya kazi benki akatupakia kwenye gari lake. Akatushusha hospitali, kwenye mlango wa wagonjwa wa dharura, mwenyewe akaenda kutafuta pa kuegesha.

Pale mapokezi aliyeongea ni Mama. Alikuwa na khanga zake mbili na harufu ya samaki wa kukaanga, maana ndiyo biashara yake.

"Nesi, mwanangu ana sikoseli. Maumivu yamemkamata kiunoni na mapajani. Hii siyo malaria. Dawa za nyumbani kameza zote, sasa anahitaji dripu na sindano ya maumivu."

"Mama, daktari ni wewe au ni sisi?"

Tukatumwa kupima malaria. Hana. Tukarudi kwenye benchi.

Tabibu wa zamu alipofika alimtazama kaka kuanzia juu hadi chini. Mwembamba, macho ya njano, mikono imejaa makovu ya dripu za miaka yote, na kwenye kifundo cha mguu kidonda sugu, kama wanavyopata baadhi ya wenye ugonjwa huu. Akamuuliza huwa anapewa dawa gani. Kaka akajibu kwa adabu: mofini, ile dawa kali ya maumivu ambayo wengine huitumia kama ulevi. Akataja na kipimo alichopewa mara ya mwisho.

Uso wa tabibu ukabadilika. "Hawa tunawajua," akamwambia nesi, na nesi akalitamka waziwazi: teja. Mlinzi akaitwa asimame karibu na benchi letu.

Mgonjwa wa kisukari akitaja insulini yake na kipimo chake, anasifiwa kwamba anajijali. Kaka yangu alitaja dawa yake akageuzwa mhalifu. Walichotumia kumhukumu ni kule kujua kwake. Na kwa kuwa hakulia, nalo likawa kosa. Alikuwa ameinamia simu, anacheza gemu. "Angekuwa anaumwa kweli angecheza?" Mimi niliyekaa ubavuni kwake nilikuwa naona vidole vya miguu vilivyojikunja ndani ya ndala, na jasho likimtiririka shingoni usiku ule wa baridi. Ile simu ndiyo iliyokuwa inamsaidia kuvumilia. Na angelia wangesema anaigiza. Hilo nalo limewahi kumkuta.

Chembe nyekundu za damu zinajikunja umbo la mundu, zinaziba mishipa midogo, mfupa unakosa damu. Lakini hakuna karatasi ya maabara itakayoandika anaumia kiasi gani. Daktari ana neno la mgonjwa tu. Na hii ni Tanzania, ambako inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Hakuna aliyeweza kusema hajawahi kuusikia.

Ndipo jirani akaingia, shati limechomekwa, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. "Mbona bado? Huyu kijana ana sikoseli, namfahamu tangu mdogo. Anahitaji dripu na sindano ya maumivu."

"Sawa mzee, tunamshughulikia."

Kitanda kikapatikana hapo hapo. Hakuulizwa kadi ya kliniki, hakuulizwa mgonjwa ni nani wake. Namshukuru jirani yule mpaka leo, lakini sijaweza kumshukuru bila hasira kunipanda, maana hakusema lolote ambalo Mama hakulisema.

Baadaye dripu ikishuka, Mama akiwa anamkanda kaka kiuno, aliniuliza taratibu, "Kwani mimi nilisema vibaya?"

"Hapana, Mama. Ulisema vilevile."

Wiki iliyofuata tukarudi kulalamika. Ofisa aliyetupokea alitusikiliza, halafu akauliza shahidi ni nani.

"Ni mimi," Mama akasema. "Na huyu binti yangu."

"Mtu mwingine, mama. Asiye wa familia."

Tukampigia jirani simu. Akaja saa yake ya mapumziko ya mchana, akaeleza aliyoyakuta, machache kuliko tuliyoyaona sisi. Malalamiko yakaandikwa kwa jina lake.