Kutafuta Mawe Chini ya Ziwa Tanganyika

Nilipopokea barua ya uhamisho kwenda Kigoma, wenzangu walinipa pole kwa safari ya treni ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, lakini mimi nilikuwa nikiufikiria mkoba wangu wa kuzamia. Nilijifunza kuzamia kwa mitungi kule Nungwi, na kama watu wengi wa Unguja niliamini, bila kuwahi kulichunguza jambo lenyewe, kwamba anayeipa bahari kisogo ameacha na mbizi zake huko huko. Mkoba niliubeba hata hivyo, kwa ukaidi zaidi kuliko matumaini. Hapa bara nimekuta pia kwamba neno lenyewe linaleta kicheko, kwa kuwa mtu akijitambulisha kuwa ni mzamiaji, wenyeji hudhani anakula harusi za watu bila mwaliko.

Mara ya kwanza nilizamia upande wa Ujiji, kwa sababu tu boti niliyoipata ilikuwa huko. Nilikaa chini dakika 40 juu ya mchanga uliofunikwa na tope jepesi linaloletwa na Mto Luiche, na kitu pekee ninachokikumbuka ni ndoo isiyo na kitako. Niliporudi nikamsimulia mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, ambaye alinisikiliza huku akigeuza dagaa wake juani, kisha akasema, “Mwanangu, huko ni mchanga mtupu. Samaki wenye nyumba wanakaa kwenye mawe.” Tangu siku hiyo sijauliza tena mahali pazuri pa kuzamia; nauliza mawe yako wapi.

Ziwa Tanganyika liko ndani ya Bonde la Ufa, kina chake kinafika mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal pekee linalolipita kwa kina. Kina hicho hakimsaidii mzamiaji, kwa kuwa raha yote iko katika mita 20 za juu, pale ambapo milima imeingia majini na kuacha majabali yamelundikana. Kwenye mianya ya majabali hayo ndipo wanapoishi jamaa wa perege na sato, zaidi ya aina 200, ambao wengi wao hawapatikani kokote nje ya ziwa hili. Samaki wa mawe hapendi mchanga. Ghuba ya mchanga au mlango wa mto humzuia kama ukuta, naye hubaki kwenye jabali lake kizazi baada ya kizazi, hata samaki wa aina moja wakawa na rangi ya manjano huku na mistari myeupe kule, umbali wa mwendo mfupi tu wa boti.

Nililielewa hili kwa njia isiyo ya kawaida. Samaki hawa husafirishwa hai kwenda Ulaya, Marekani na Asia kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, na wafanyabiashara huwataja kwa jina la mahali walikokamatwa: Ikola, Kipili, Karilani, Maswa. Jioni moja nilikuwa nikisoma orodha ya bei ya muuzaji wa Ulaya, nikaona majina ya vijiji vyetu yamepangwa mstari kwa mstari, na mara nikatambua kwamba nilichoshika ni ramani ya kuzamia. Kila jina lenye rangi yake ni ufuko wa mawe uliotengwa na mwingine. Nikachukua ramani ya ziwa na kalamu nyekundu, na kufikia usiku wa manane nilikuwa na alama nyingi kuliko wikiendi za mwaka mzima.

Baada ya hapo niliwatafuta vijana wa hapa wanaowakamata samaki hao. Wao huvuta hewa kwa mpira mrefu unaotoka kwenye kompresa iliyo botini, na wanayajua majabali kama dereva wa daladala anavyovijua vituo vyake. Mmoja wao ndiye aliyenipeleka kusini kidogo ya Bangwe, mahali ambapo kutoka barabarani huwezi kupashuku. Kwenye mita tisa, pale jabali la mwisho linapokutana na mchanga, tuliwakuta kuhe wawili. Kuhe wanaouzwa sokoni nilikuwa nimewala mara nyingi, nikajua tu kwamba ni samaki mkubwa mwenye nyama tamu. Sikujua kwamba ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa ukoo wa perege. Kati yao palikuwa na wingu la vifaranga, kila kimoja kama punje ya mchele. Kila samaki mwingine alipokaribia, dume lilimkabili na kumfukuza, huku jike likisogea kidogo na kulifunika wingu lake kwa ubavu. Tulikaa robo saa bila kupiga pezi. Siku hiyo hiyo, wakati wa kupanda, nilikutana na konyeza wadogo, kila mmoja upana wa sarafu, wakidunda polepole kwenye maji yasiyo na chembe ya chumvi.

Maji baridi yana hesabu zake, na mimi nilizijua kwa kukosea. Nilijifunga mkanda ule ule wa vipande vya madini ya risasi vya kumzamisha mzamiaji, wa kilo saba niliokuwa nikiutumia Nungwi, nikashuka kama nanga na kutua kwa magoti. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5 kuliko ya ziwa, hivyo mwili wangu na vifaa vyote, ambavyo kwa pamoja ni kama kilo 100, vilitaka kilo mbili na nusu pungufu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba uso wa ziwa hili uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ina shinikizo dogo, na majedwali ya kuzamia, yaani yale yanayoonyesha ukae chini muda gani kwa kina gani, yaliyotungwa kwa ajili ya bahari huhitaji kurekebishwa kuanzia mita 300 hivi. Kwa hiyo mbizi ya mita 18 hapa naihesabu kuwa ya mita 20, na kompyuta ya kuzamia ninayoivaa mkononi naikagua kabla ya kuingia majini ili nihakikishe imetambua mwinuko. Jambo ambalo wageni hulisahau ni safari ya baadaye: ukitoka majini mchana na kupanda gari kwenda Kasulu jioni, umepanda mlima ungali na naitrojeni mwilini, gesi ya hewa ya mtungi ambayo shinikizo likipungua huweza kutoa mapovu mwilini na kukuumiza, na chumba cha shinikizo cha kuyatibu hayo utakikuta pwani, upande wa pili wa nchi. Mimi siku ya kuzamia silali Kasulu, hata kama kuna msiba, na ndugu zangu wa huko wamekwisha kunizoea.

Kuhusu hewa ya mtungi, kompresa ile ya vijana wa samaki haiwezi kuujaza, kwa kuwa mtungi unataka shinikizo la bar 200 na hewa iliyochujwa. Fundi mmoja aliwahi kujitolea kunijazia kwa mashine anayopulizia rangi za magari. Nilimshukuru kwa moyo wake, nikaondoka na mtungi wangu mtupu. Sasa tuko wanne tuliochangia kompresa ndogo ya shinikizo kubwa, tunanunua vichujio kwa zamu, na ugomvi wetu wote ni nani ameacha kumwaga maji yanayojikusanya ndani ya kompresa.

Kichocho kipo, na asiyekitaja anapomkaribisha mtu ziwani hamtendei haki. Konokono wanaobeba vijidudu vyake hupenda maji tulivu yenye majani karibu na makazi ya watu, kwa hiyo naingia majini kutoka botini, kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi, wala sivuki matete kwa miguu. Hata hivyo hupima, na wiki kadhaa baada ya msimu humeza dawa kwa ushauri wa daktari. Mamba nawaulizia kwa wavuvi kila mahali papya, na jibu la “wapo lakini si wengi” nalichukulia kuwa ni “usiingie”. Ndani ya Hifadhi ya Mahale, ambayo mipaka yake inaingia hadi ziwani, siingii majini bila kibali.

Kilichobaki ni boti, na hapo yule mzee wa Kibirizi alinifundisha tena. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina kazi, boti zinafungwa, na nahodha hukubali bei ambayo wiki nyingine angeicheka. Tena huwa amelala usiku, hivyo alfajiri, kabla upepo haujaamka, yuko tayari. Kalenda yangu ya kuzamia kwa hiyo inafuata mbalamwezi, na baada ya siku tano mwezi utakuwa umejaa. Mzee ameniambia kuna jabali kaskazini ambalo nyavu zake hunasa kila mwaka, na ameniomba nikishuka nimtazamie pia nanga yake.