Siku Mama Aliponigusa Pua

Kilianza kama kipele kidogo, saizi ya punje ya mtama, ubavuni mwa pua. Mimi nina ualbino na nimekua nikipalilia mahindi juani bila kofia, kwa hiyo vipele nilivizoea. Hiki kilifunga gamba, gamba likabanduka, damu ikatoka, likafunga tena. Zahanati walinipa dawa ya kupaka. Nikapaka miezi minane! Hiyo miezi inaniuma mpaka leo.

Kule hospitali ya KCMC, Moshi, walikata kinyama wakakipeleka maabara. Majibu: kansa ya ngozi, ya aina inayotuandama zaidi sisi wenye ualbino huku Afrika. Tezi za shingo zilikuwa salama.

Kuikata kansa nilielewa. Kuziba shimo ndiko kulikonitisha. Kansa ilikuwa imekula mpaka kwenye gegedu, ule mfupa laini wa pua, na ngozi nene ukiibandika tu bila damu hufa. Basi daktari alichana ngozi ya paji la uso mfano wa ulimi, akaigeuza kuelekea chini na kuishona puani. Shina lake akaliacha limeshika pale nyusi inapoanzia, liendelee kuilisha damu. Wiki tatu nilikaa na mkonga huo wa nyama kati ya macho. Miwani haikuvalika, na bila miwani mimi naona ukungu tu.

Mama ndiye aliyenisafisha, kwa pamba na maji ya chumvi. Siku ya sita nikamwambia, "Mama, paji linauma, anza na pua."

"Paji sijaligusa, mwanangu. Hapa ni puani."

Akagusa tena, taratibu. Nikahisi juu kabisa, karibu na nywele. Akanyamaza, kisha nikasikia anavuta kamasi. "Inasikia," akasema. "Kumbe iko hai." Nikamwomba aguse mara nyingine, na nyingine.

Shina lilipokatwa, pua ikawa ganzi. Kila asubuhi, kabla ya kofia na yale mafuta ya jua ya Kilisun yanayotengenezwa palepale KCMC, niliigusa kwa kidole nikisubiri. Miezi ikapita. Siku moja tone la maji lilinidondokea kutoka kwenye bati, likawa baridi pale pale lilipoangukia. Nikamwita Mama.