Siku moja maishani mwangu: kupaka mbao za maua mjini Goma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mwezi wa saba Goma haina mvua, ina vumbi. Mji umekaa juu ya lava, mawe ya volkano yaliyoganda, na ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Pikipiki zikianza kupita zinasaga ule udongo mweusi, upepo unaubeba, unaingia mpaka ndani ya karakana. Mshona viti ataupangusa aendelee. Mimi nakata maua, wanyama na majina ya watu kwenye ubao, kwa ile mashine yenye msumeno mwembamba unaopanda na kushuka, kisha napaka vanishi isiyo na rangi ili mti wenyewe uonekane. Kwangu vumbi ndilo linaloamua nipake nini. Kinachokauka kwa dakika kumi kinapona. Kinachobaki kibichi kwa muda wa saa sita kinaota ndevu.

Kwa hiyo nafika kabla ya pikipiki, namwagia sakafu maji kidogo, nafunga dirisha la upande wa barabara.

Saa moja

Kuna kazi nne mezani: ngagi, yule sokwe mkubwa, wa mbao ya libuyu, mwenye matundu mengi, sinia la mbao ya muvula, fumbo la watoto la kupanga vipande, la mbao ya grevilea, na kibao cha jina cha padouk, ule mti mwekundu.

Mdogo wangu ninayemfundisha anataka kuanza kupaka mara moja. Namzuia. Tunachora kwenye karatasi, karatasi tunaibandika kwenye ubao, na gundi yake hata ukiibandua karatasi inabaki. Kwa macho huioni. Ukipaka vanishi juu yake linatokea baka lililopauka, na hapo hakuna dawa ila kukwangua upya.

Tunapiga msasa namba 150, halafu 220 ulio laini zaidi, kufuata nyuzi za mti. Ndani ya matundu tunapitisha kipande cha msasa kilichokunjwa, taratibu, maana vijiti vingine ni vyembamba kuliko kiberiti. Halafu nachovya kitambaa kwenye thina, kile kimiminika cha kulegeza rangi, napangusa ubao mzima. Kwa sekunde chache ubao unalowana na kuonyesha kila kitu: mikwaruzo ya msasa wa 150 iliyosahauliwa, gundi, alama za kuungua mahali msumeno ulipokawia kwenye kona.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "si ilikuwa safi?"

"Gusa hapa, uangalie kwa pembeni."

Ameona mwenyewe. Amerudi kwenye msasa bila kunung'unika, jambo ambalo si la kila siku.

Saa tatu

Sasa ndiyo kuchagua. Wengi wanaouliza kazi hii wanataka kujua vanishi ipi ni nzuri kuliko zote. Mimi nauliza kwanza kitu kitashikwa na nani, kitalowa au hakitalowa, na kina matundu mangapi.

Fumbo la watoto litapata gomulaki. Ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India na Thailand; unauzwa kwa vipande vyembamba vya rangi ya asali, unayeyushwa kwenye spiriti. Viwanda vinaupaka hata kwenye peremende na vidonge, kwa hiyo ukishakauka sina wasiwasi mtoto akiutia mdomoni. Naipika nyepesi, gramu 120 kwa lita moja ya spiriti kali, naiacha ilale usiku kucha, asubuhi naichuja kwa kitambaa cha pamba. Spiriti yenye maji mengi inaifanya iwe na ukungu, basi ya bei rahisi inayouzwa kwenye chupa za maji siigusi.

Na fumbo lina siri yake: usijaze vanishi kwenye kingo. Msumeno wetu unaacha nafasi ndogo mno kati ya kipande na kipande. Ukipaka tabaka mbili nzito pembeni, vipande vilivyokuwa vinaingia kwa kusukumwa na kidole kimoja vitakataa. Napaka uso na mgongo, kingo zinapata kile tu kinachoteleza chenyewe kutoka kwenye kitambaa.

Sinia ni habari nyingine. Gomulaki haipendi joto wala pombe. Weka kikombe cha chai ya moto, unapata duara jeupe. Mwaga bia, inalainika. Sinia la hoteli linahitaji poliuretani, ile vanishi ngumu ya plastiki. Ila muvula una mafuta yake ndani yanayochelewesha vanishi kukauka, unaweza kurudi kesho ukakuta bado inanata. Kwa hiyo chini natanguliza tabaka moja la gomulaki iliyotolewa nta yake ya asili, inayafungia yale mafuta, kisha poliuretani juu. Iwe ile iliyotolewa nta kweli; poliuretani haishiki vizuri juu ya nta. Makopo ya gomulaki ya dukani mara nyingi hayasemi kama nta imetolewa, ndiyo maana naagiza vipande vikavu kutoka Kampala.

Saa tano

Umeme umeenda. Kompresa, mashine ya kupuliza hewa, imekaa kimya, nami nilikuwa naitegemea kupuliza vumbi kwenye matundu ya ngagi. Tumechukua pampu ya baiskeli. Inachosha mkono lakini inafika hadi kwenye pembe, na haitemi maji kama kompresa yetu ya zamani.

Fumbo limepata tabaka la kwanza. Dakika kumi, halina kunata tena. Baada ya saa moja msasa wa 400 kwa mkono mwepesi, tabaka la pili, basi. Vumbi halikupata nafasi.

Saa saba

Ugali na sombe, majani ya muhogo. Tunakula nje, maana harufu ya thina na chakula havikai pamoja.

Saa nane

Ngagi. Hapa brashi ni adui. Mbao yenye matundu mia ukiipaka kwa brashi, kila tundu linakusanya tone pembeni, tone linateremka, linakauka likining'inia kwenye kidevu cha mnyama. Ninachofanya ni kuchovya. Nina trei pana la bati; namimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yamelegezwa kwa thina, nalaza ngagi kifudifudi, nahesabu polepole, namgeuza. Libuyu linakunywa. Unaona rangi inapanda kutoka kahawia iliyofifia mpaka nyekundu ya ndani, na zile nyuzi zake zinazopishana zinaanza kucheza ukiusogeza ubao kwenye mwanga.

Namsimamisha juu ya misumari, yanachuruzika. Baada ya robo saa kazi ya kweli inaanza: kupangusa. Mafuta yaliyoingia ndani ya mti ndiyo yanayotakiwa. Yaliyobaki juu yatageuka utando wa kunata utakaoshika vumbi lote la Goma. Uso kwa kitambaa, matundu kwa pampu na kijiti kilichozungushiwa pamba. Mdogo wangu amepewa upande wa masikio. Amechukua dakika arobaini kwa masikio peke yake, na ni sawa.

Mbao nyeupe singeipaka mafuta haya, yanaifanya ya manjano na miaka ikipita inazidi. Kwa nyeupe natumia vanishi ya maji. Hiyo inasimamisha nyuzi za mti, basi unalowesha ubao kwanza, unaacha ukauke, unasugua zile nyuzi zilizosimama, ndipo unapaka.

Saa kumi

Mama mwenye kibao cha padouk amefika. Ni jina la mtoto wake, herufi za mti mweupe juu ya ubao mwekundu.

"Nataka ing'ae, na ule wekundu ubaki vile vile."

"Kung'aa nitakupa, mama. Wekundu siwezi kukuahidi."

Padouk inageuka kahawia kwa mwanga, uipake unachotaka. Vanishi yenye kinga ya jua inachelewesha tu. Nimemwonyesha kipande cha zamani: nusu kilikaa dirishani, nusu kilifunikwa. Ameangalia kwa muda mrefu, akasema basi atakitundika kwenye korido, mbali na dirisha. Sikutegemea suluhisho rahisi namna hiyo.

Kitu kingine sikumwelezea kwa sababu kinanihusu mimi tu: spiriti inayeyusha wekundu wa padouk, na kitambaa kikipita kutoka ubao hadi kwenye herufi, herufi zinakuwa za waridi. Kwa hiyo kila kimoja kinapakwa peke yake, ndipo vinaunganishwa kwa gundi. Mahali herufi itakapokaa naziba kwa utepe wa karatasi, gundi ikute mti mtupu. Juu ya vanishi haishiki.

Saa kumi na moja na nusu

Sinia ni la mwisho, kwa makusudi. Poliuretani inakaa mbichi saa nyingi, haiwezi kupakwa wakati mtu anapiga msasa. Mdogo wangu ameenda, mlango umefungwa, napaka tabaka jembamba kwa brashi laini, brashi inakwenda upande mmoja tu. Linaingia kabatini kukauka.

Vitambaa vya mafuta ya kitani navitandaza kimoja kimoja kwenye waya wa nje. Vikikunjwa pamoja kwenye ndoo vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Kwenye karakana yenye thina na unga wa mbao hilo si la kubahatisha.

Mwenye hoteli amepiga simu, analitaka sinia Ijumaa. Kesho ni msasa wa 320 na tabaka la pili, kesho kutwa la tatu, halafu lipumzike wiki moja kwa uchache kabla ya kikombe cha kwanza. Nimemwambia Ijumaa hapana. Kama ana haraka, achukue lile la plastiki.