Manjano kabla ya rangi

Nauza viungo soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na hakuna ninachokipenda mezani kuliko manjano (wengine huyaita binzari, tunaelewana). Jioni vidole vyangu vyote ni rangi hiyo, sabuni ya kipande haifui dafu. Ndiyo maana nilifurahi kujua kwamba Wamalay, watu wa Malaysia na visiwa vya Indonesia, walipita njia ileile. Rangi hii kwao ni kuning, na wanaisimu wanalifuatilia neno hilo hadi kunij, jina walilotumia mababu zao wa baharini kwa mzizi huuhuu ninaousaga, kabla maneno ya Kisanskriti na Kiarabu hayajafika visiwani. Jikoni kwanza, rangi baadaye!

Waridi ni merah jambu, nyekundu ya tunda la jambu. Sisi nasi tuna zambarau. Kahawia, coklat, wameachiwa na Waholanzi.

Linalonigusa zaidi ni putih, nyeupe. Ndugu zao wa Madagaska husema fotsy. Neno limevuka Bahari ya Hindi yote midomoni mwa mabaharia, likatua jirani na pwani yetu. Natamani kumsikia Mmalagasi akilitamka.