Nilivyovuka daraja la Headstone, mimi ambae hata Nyali Bridge ilinishinda

Mimi nakaa Kongowea hapa Mombasa na kazi yangu iko Mwembe Tayari, upande wa kisiwani, yani kila siku ya Mungu lazima nivuke Nyali Bridge, na miaka yote hio nimevuka ndani ya matatu, macho kwenye viatu vyangu mpaka niskie makanga aite stage. Baiskeli ninayo na naipenda sana lakini haijawahi kuvuka. Nikiwa mahali pa juu magoti yanalegea, viganja vinatoka jasho, alafu naona kama kuna kitu chanivuta niende ukingoni. Mwenye kisunzi cha juu ananielewa.

Sasa dada yangu ameolewa Derby, Uingereza, na mwaka jana akanialika nikae nao mwezi wa nane. Mambo ya visa na tiketi siyaelezi, pesa zilikwenda nyingi na nyengine ni zake. Shida ilianza na mpwa wangu, ana miaka tisa, kwenye simu akaniambia, "Mjomba, ukija twende na baiskeli mpaka daraja la treni." Nikamjibu inshallah twende wote. Nilipoona picha roho ikanipasuka. Ni daraja la mawe la zamani, Headstone Viaduct, liko bonde la Monsal, matao matano marefu na mto Wye wapita chini. Lilijengwa 1863, miaka 33 kabla reli yetu hapa Mombasa haijaanza 1896. Treni zilikoma 1968, baadae njia yote ikafanywa ya waenda kwa miguu na baiskeli, Monsal Trail, karibu kilomita 14.

Mtoto nishamuahidi. Nikasema nina miezi miwili, ntajifundisha Nyali.

Maskani nikawaambia, na ushauri niliopewa mpaka leo wanikera. Mmoja kasema fumba macho. Mwengine kasema pita mbio kabla uoga haujakushika. Hio ya mbio nilijaribu, nikafika kama robo pumzi zikanikatika, moyo wadunda kwa mbio na kwa uoga sijui upi ni upi, nikarudi na nikakaa wiki nzima siwezi hata kulisogelea. Usimshauri mtu hivyo tafadhali.

Lakini ilionivunja kabisa ni ile ya "usiangalie chini, angalia mbinguni". Jumapili asubuhi nikaenda, nasukuma baiskeli njia ya watu wa miguu, hatua kama thelathini hivi nikainua macho. Ilikuwa msimu wa kusi na mawingu yalikuwa yakimbia. Ukiangalia mawingu yanayokwenda na macho hayana kitu kingine cha kushika, wallahi daraja lote linaanza kwenda, waona ni wewe unaeanguka na hali umesimama. Hapo hapo likapita lori kubwa, na Nyali Bridge aijuae ajua vile inatetema ukiwa kwa miguu. Nikakumbatia vyuma vya pembeni, baiskeli imelala chini, siwezi mbele wala nyuma.

Akaja mama mmoja na ndoo ya buluu ya mahamri kichwani, aenda mjini kuuza. Akasimama. "Mwanangu, wafanyani hapo?" Nikamwambia, "Mama, nashindwa kwenda." Hakucheka. Akasema, "Inua baiskeli yako unifuate. Niangalie visigino tu, pengine usiangalie."

Nikamfuata. Alivaa ndara za kijani zilizolika upande mmoja, na visigino vina hina ya zamani imebaki rangi ya chungwa. Nimevihifadhi visigino vile mpaka leo naweza kuvichora. Alitembea polepole, nikisita ansubiri, hakunivuta wala kunihimiza. Nilipoinua uso tuko upande wa mjini. Nilipata haya kulia mbele yake lakini machozi yalinitoka, nikanunua mahamri ya mia nikala yote pale pale.

Tangu siku hio nikajua dawa yangu: macho yashike kitu cha karibu, mita mbili tatu mbele, na miguu iende polepole. Na uoga ukikupanda usigeuze kurudi, simama pale pale mpaka ushuke wenyewe, hushuka. Nikavuka karibu kila Jumapili mpaka nikasafiri.

Huko tulikodi baiskeli kituo cha zamani cha Hassop, pauni ishirini na kitu kila mtu kama skosei. Bebeni sweta hata kama kuna jua, manake kabla ya daraja kuna handaki la karibu nusu kilomita na ndani ni baridi na maji yatona. Na hili hakuna alienambia: handaki lile likiisha tu uko juu ya daraja, huna nafasi ya kujitayarisha. Natoka gizani, mwanga ukanipiga, pembeni bonde lote wazi. Nikafunga breki nikarudi ndani nikaegemea ukuta, maji yanidondokea shingoni.

Mpwa wangu akarudi. "Mjomba, mbona umesimama?" Nikamwambia ukweli, mjomba wako aogopa juu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tusukume." Nikangoja moyo utulie, kisha nikamwambia atangulie. Taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli yake ilikuwa bado yawaka kutoka handakini, nikaikazia macho kama nilivyovikazia visigino. Nikapita katikati, na daraja ni pana, lilibeba reli mbili, hiyo pia ilinisaidia.

Katikati nikamwambia simama. Nikaangalia. Mto wajipinda, kondoo kwenye majani, watu kule juu Monsal Head wadogo kama tende. Shemeji akanieleza kwamba lilipojengwa mwandishi John Ruskin alilipinga kwa hasira kuwa limeharibu bonde, na leo ni jengo linalolindwa kisheria. Mimi niliona zuri mno. Tulivuka mara nne siku ile, mara ya mwisho nikiwa juu ya baiskeli, naendesha.

Sasa kazini naenda na baiskeli. Yule mama nimemtafuta darajani Jumapili kadhaa sijamuona. Ndoo ya buluu, ndara za kijani, hupita asubuhi kutoka upande wa Kongowea. Anaemjua amwambie yule wa baiskeli alivuka.