Fomu ya oda isiyouliza asili ya mteja

Duka la zana za uvuvi ninalofanyia kazi hapa Kirumba, Mwanza, lilikuwa na daftari la wateja lenye safu nne: jina, simu, deni na "asili". Hapo kwenye asili: Mwafrika, Mhindi, Mwarabu, Mzungu au Chotara. Bosi alilirithi kwa marehemu baba yake, na alipotaka tovuti ya kupokea oda, akataka fomu iwe na safu hizohizo.

Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe. Somo lililonishika ni la Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti, aliyeandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wakiijaribu kazi yako, kasoro nyingi zitaonekana. Unachotakiwa ni kunyamaza na kuangalia. Nikaenda Mwaloni, kwenye soko la samaki, nikawaomba wavuvi waagize nyavu kwa fomu hiyo kwenye simu yangu.

Kwenye "anwani" walikwama. Mtu wa Ukerewe atakuandikia namba gani ya nyumba? Nikaweka "Mzigo ushuke mwalo gani?", yaani ufuko gani wa kutia mitumbwi. Nyavu za dagaa nikaziweka kwa milimita, za sangara kwa inchi, kama wanavyozitaja wenyewe.

Kwenye asili, mama mmoja ambaye baba yake ni Mwarabu na mama yake Mkerewe aliniuliza, "Hapa niweke nini, mwanangu?" Akanirudishia simu, oda haijaisha. Kijana aliyemfuata alibonyeza cha juu kabisa ili apite.

Nilimweleza bosi. Akasema, "Mzee aliitumia kujua wa kumkopesha." Hilo liliniuma. Daftari lilianza enzi za ukoloni, wakati ambapo hata kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Leo Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa rangi au kabila. Lakini kilichomgeuza bosi ni deni lenyewe: tulipitia kurasa pamoja, akaona walipaji wazuri na wasumbufu wamo katika kila asili. Nikamwambia, "Bosi, tuandike mtu analipaje, basi." Akakubali.

Sasa fomu inauliza jina, simu, mwalo na zana. Historia ya malipo inajiandika kutokana na oda zenyewe. Karani wetu bado husema "yule Mhindi wa Igoma" simu ikiita. Hilo halifutiki kwenye kompyuta. Kila nikimsikia, namtajia jina la mteja.