Kufuatilia yoti kubwa ukiwa Dar: usianzie kwenye jina

Jina hubadilishwa chombo kikiuzwa, na jina moja linaweza kubebwa na boti nyingi. Mimi naanza na namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), tarakimu saba ambazo hazibadiliki hadi chombo kinakatwa kuwa vyuma chakavu. Kabla ya kuitafuta naihakiki: tarakimu sita za mwanzo nazizidisha kwa mpangilio na 7, 6, 5, 4, 3 na 2, halafu najumlisha. Ya Azzam, yoti iliyoundwa na kampuni ya Lürssen ya Ujerumani mwaka 2013 yenye mita 180 na ushei, ni 9693367. Jumla inakuja 177, inaishia na 7 kama namba yenyewe. Isipolingana, kuna mtu amekosea kunakili.

MMSI ni namba ya redio, tarakimu tisa, na tatu za mwanzo ni za nchi ya bendera: 319 Visiwa vya Cayman, 674 na 677 Tanzania. Bendera ikibadilishwa nayo inabadilika, ndiyo maana safari za chombo hukatika ghafla kwenye rekodi.

Mahali kilipo chombo tunapajua kwa AIS, redio ya chombo inayojitangazia kilipo, na inayorusha kwenye megahezi 161.975 na 162.025. Yoti kubwa ikiwa mwendoni hutuma kila sekunde 2 hadi 10. Ikitia nanga, kila dakika 3. Umbali wa kuinasa unategemea kimo. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako kwa mita, zidisha kwa 2.2, fanya vivyo hivyo kwa antena ya chombo, jumlisha. Paa la mita 16 Masaki na mlingoti wa mita 25 vinakupa maili 20 hivi za baharini, kama kilomita 37. Iliyotia nanga Mbudya utaipata vizuri; iliyo mbele ya Mji Mkongwe, hapana. Hapo inabidi ununue data za setilaiti.

Kipokezi kidogo cha USB kinatosha, na waya wima wa sentimita 44 hivi kama antena. Kinachokufa kwanza ni kiungio cha nje: chumvi inaingia, shaba inageuka kijani, na meli za mbali zinapotea moja moja. Kizungushie utepe wa mpira unaojigandisha, juu yake utepe wa umeme.

Kabla ya kuamini nukta kwenye ramani, soma muda wake. Huwa ni wa UTC: 09:00 ni saa sita mchana kwetu. Nukta ya saa tano zilizopita haikuambii yoti ilipo sasa.

Vipimo navyo vina mitego. AIS hutoa umbali kutoka antena ya GPS hadi omo, hadi tezi, na hadi kila ubavu. 60 na 25 maana yake mita 85. Fundi akivigeuza wakati wa kufunga, urefu unabaki sahihi lakini ramani inachora chombo kimesogea mita 35. Kina cha chombo majini na bandari kinakokwenda huandikwa kwa mkono, mara nyingi ni vya safari iliyopita. Na GT (gross tonnage), usiisome kama uzito wa tani. Ni kipimo cha ujazo wa ndani.